Umeme au mitambo? Kozi inayounganisha vyote na hesabu ya kijana wa Lushoto

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za Lushoto huingia katika mjadala unaoamua mustakabali wa kijana mmoja na, mara nyingi, wa wadogo zake wanaomtazamia. Kijana amefaulu Fizikia, Kemia na Hisabati, na anataka uhandisi. Baba anasema asome umeme kwa sababu TANESCO haiwezi kufungwa. Mjomba anasema asome mitambo kwa kuwa viwanda na magari vipo kila mahali.

Katikati ya mabishano hayo ipo kozi ya tatu, ambayo wengi huiona katika kitabu cha mwongozo wa udahili na kuipita bila kuisoma. Ni uhandisi wa umeme na mitambo kwa pamoja, shahada moja inayomfundisha mwanafunzi nguvu inayozungusha shafti na nguvu inayopita katika waya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia (CoET), ni miongoni mwa vyuo vilivyoiweka kozi hiyo kwenye orodha ya shahada zake za miaka minne.

Pingamizi linalosikika zaidi dhidi yake ni la methali: mshika mbili moja humponyoka. Wazazi huhofia kwamba mtoto atarudi na nusu ya umeme na nusu ya mitambo, asiwe mhandisi kamili wa upande wowote. Ni hofu ya haki, na ina ukweli ndani yake. Lakini kabla ya kuipima ni vyema kutazama mashine zenyewe, kwani mashine hazijui mipaka ya idara za vyuo.

Chukulia kiwanda cha chai. Milima ya Usambara ina mashamba ya chai kuanzia upande wa Bumbuli na Mponde, magharibi, hadi Amani, mashariki. Jani bichi likishachumwa halisubiri; likirundikwa kwa saa chache hupata joto na kuanza kuharibika. Likifika kiwandani hutandazwa juu ya vitanda virefu ambako feni kubwa hulipulizia hewa ili linyauke, kisha hupita katika mashine za kulikata na kulisaga, huachwa lichachuke, hukaushwa kwa hewa ya moto na mwishowe huchambuliwa kwa madaraja. Katika kila hatua kuna kitu kinachozunguka, na karibu kila kinachozunguka huzungushwa na mota ya umeme.

Sasa mota ya feni ya kunyaushia inaungua usiku wa msimu wa mvua, jani likiwa limejaa. Sababu zinaweza kuwa nyingi. Mota za aina hii hutumia umeme wa fezi tatu. Tawi la mti likiangukia waya huko bondeni na fezi moja ikakatika, mota huendelea kuzunguka kwa taabu kwa fezi mbili, huvuta mkondo mkubwa kuliko uwezo wake na kuungua kama kinga yake haikufungwa vizuri. Hiyo ni kesi ya umeme.

Lakini huenda beringi imekwisha na shafti inakwaruza. Huenda mkanda umekazwa kupita kiasi, au vumbi la chai limeziba mapezi ya kupoozea mota na joto halina pa kutokea. Hizo ni kesi za mitambo, ingawa dalili ni ile ile: harufu ya waya ulioungua na feni iliyosimama.

Fundi umeme huichukua mota, huisuka upya, huirudisha, na wiki inayofuata inaungua tena kwa kuwa beringi haikuguswa. Fundi mitambo naye hubadilisha beringi na kulegeza mkanda, kisha mota inaungua kwa sababu fezi moja bado haijatengemaa. Kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa, na jani la mkulima limeoza mara mbili. Mtu anayehitajika pale ni yule anayeweza kushika kipimo cha umeme kwa mkono mmoja na kusikiliza mlio wa beringi kwa sikio lake mwenyewe, kisha akasema tatizo limeanzia wapi.

Wakulima wa Lushoto wanajua gharama ya kiwanda kilichosimama. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kufuatia mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, na baadaye Serikali ikakitwaa na kuihusisha mifuko ya PSSSF na WCF katika kukifufua. Chanzo cha kufungwa kwake hakikuwa ufundi. Hata hivyo kufufua kiwanda chochote kilicholala kwa miaka ni kazi ya ufundi wa aina mbili kwa wakati mmoja. Nyaya za mota hufyonza unyevu na haziwezi kuwashwa kabla ya kupimwa na kukaushwa, beringi zilizobeba uzito mahali pamoja kwa miaka huwa zimeumia, na mikanda ya mpira huwa imekauka na kupasuka. Anayewasha swichi bila kuyajua yote hayo anaweza kuunguza katika dakika chache kile kilichosalimika kwa miaka.

Mfano wa pili ni maji, na hapa Usambara ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1948 misheni ya Sakare, karibu na Soni, ilifungiwa mtambo mdogo wa kufua umeme kwa maji wenye uwezo wa kilowati 6.3. Kwa kipimo cha leo ni umeme wa kutosha majiko matatu hivi, lakini kwa wakati ule, milimani, zilikuwa taa za misheni nzima.

Hesabu ya mtambo wa namna hiyo si ngumu kwa aliyesoma Fizikia ya sekondari. Nguvu hutokana na wingi wa maji, kimo cha maporomoko na mvutano wa dunia. Kijito kinachotoa lita 50 kwa sekunde na kuanguka mita 40 kina nguvu ya kilowati 19 na ushee. Mtambo mdogo uliotengenezwa vizuri huweza kugeuza kama theluthi mbili tu ya hiyo kuwa umeme, yaani kilowati 13 hivi. Zinazobaki hupotea katika msuguano wa bomba, turbaini na jenereta.

Ugumu huanza baada ya hapo. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na idadi hiyo hutegemea kasi ya jenereta, ambayo hutegemea kasi ya turbaini, ambayo hutegemea maji. Saa mbili usiku kijiji kimewasha taa na redio, na turbaini inabeba mzigo. Saa nne watu wanazima na kulala. Mzigo unapungua ghafla, maji ni yale yale, kwa hiyo turbaini inakimbia, mizunguko inapanda na taa zilizobaki zinaungua. Ili kuzuia hilo lazima kuwe na kifaa cha kupunguza maji au cha kuchoma umeme uliozidi, na kifaa hicho huunganisha valvu ya chuma na saketi ya umeme. Ni vigumu kusema hapo kazi ya mhandisi mitambo inaishia wapi na ya mhandisi umeme inaanzia wapi. Kwa kweli swali lenyewe halina maana.

Kanuni hiyo haibadiliki mtambo unapokua. Chini ya milima hii, katika bonde la Mto Pangani, kipo kituo cha Hale chenye megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964, na kile cha New Pangani Falls chenye megawati 68 kilichozinduliwa mwaka 1995. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo mmoja wa Rufiji unazidi kituo kizima cha Hale zaidi ya mara 11, lakini kijana aliyeelewa kijito cha Soni ameuelewa pia kwa msingi wake.

Kwa nini basi vyuo vilitenganisha kilichoungana? Jibu lipo katika historia ya elimu yenyewe kuliko katika sayansi. Kabla ya mwaka 1973 Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi ndani ya Afrika Mashariki alikwenda Nairobi, ambako kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka huo, kilianza na idara tatu zilizozoeleka duniani: ujenzi, umeme na mitambo. Mgawanyo huo ulisaidia kupanga walimu na maabara. Haukukusudiwa kuwa ramani ya kiwanda.

Nchi nyingine ziliona pengo hilo mapema. Nchini Japani, mwaka 1969, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa Electric aitwaye Tetsuro Mori alibuni neno mekatroniki kuelezea mitambo ambayo chuma na elektroniki vimefumwa pamoja tangu kwenye mchoro. Neno lilienea, likawa jina la kozi. Jirani zetu wa Kenya wanaifundisha mekatroniki katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) na katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, eneo la milima na chai kama lilivyo la Lushoto.

Hapa wasomaji wengi huchanganya, na inafaa kutofautisha. Uhandisi wa umeme na mitambo hushughulika zaidi na nguvu: mota, jenereta, pampu, boila, majokofu, kreni, lifti. Mekatroniki hushughulika zaidi na uongozaji wa mitambo: vihisi, kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, roboti, mistari ya uzalishaji inayojiendesha. Kozi hizi ni ndugu lakini si pacha. Kijana anayependa kuandika programu na kuona chuma kikizitii ataipenda ya pili. Anayependa kuingia chumba cha mashine na kutoka na mafuta mikononi ataipenda ya kwanza.

Serikali yenyewe imewahi kukiri kwamba fani hizi hazitengani kirahisi. Wakala iliyoanzishwa mwaka 2005 kusimamia matengenezo ya magari, vivuko, majokofu, viyoyozi na mifumo ya umeme ya Serikali, yaani TEMESA, ilibeba umeme, mitambo na elektroniki katika jina lake rasmi. Anayevuka kwa kivuko Kigamboni husafiri juu ya kazi ya fani hizo zote.

Ajira nyingine zinaelekea huko huko. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ni ya umeme, lakini breki, magurudumu na ekseli zake ni mitambo. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda kuja Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto kwa umeme na kusukumwa na vituo vya pampu, kwa kuwa mafuta yenyewe huganda yakipoa. Na karibu na nyumbani zaidi kuna pampu za maji za vijijini, jenereta za hospitali na vyumba vya baridi, ambavyo mboga na matunda ya Lushoto yanavihitaji kabla ya kuanza safari ya kwenda sokoni Dar es Salaam.

Sasa turudi kwenye methali. Miaka ya shahada ni minne, kwa anayesoma fani moja na kwa anayesoma mbili. Saa za darasani haziongezeki. Mhitimu wa umeme na mitambo hawezi kujua njia kuu za msongo mkubwa na kinga zake kwa kina cha mwenzake aliyesoma umeme peke yake, wala ubunifu wa injini kwa kina cha aliyesoma mitambo. Kijana ambaye ndoto yake ni gridi ya Taifa na asome umeme. Anayeota magari au ndege asome mitambo. Kozi ya pamoja ni kwa anayejiona kiwandani, mgodini, katika mitambo ya maji, hospitalini au melini, mahali ambapo kikosi cha matengenezo ni kidogo na mtu mmoja huitwa kwa kila hitilafu. Mahali pa namna hiyo ndipo sehemu kubwa ya Tanzania ilipo, na ndiyo maana hofu ya wazazi, ingawa ina msingi, inatiwa uzito kuliko inavyostahili.

Ipo kero nyingine ndogo lakini ya kweli. Baadhi ya matangazo ya kazi huandika tu mhandisi umeme au mhandisi mitambo, na mwombaji mwenye shahada ya pamoja hubaki akijiuliza kama anahusika. Matangazo mengine huongeza maneno ya fani inayolingana na hizo, na hapo mlango upo wazi. Mwombaji makini huambatanisha orodha ya masomo aliyofaulu, ili mwajiri aone mwenyewe kwamba mota, saketi na mifumo ya uongozaji zimo, pamoja na sayansi ya joto na nguvu za vyuma.

Shahada pekee pia haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha humtaka apate uzoefu chini ya usimamizi. Mpango wa mafunzo kwa vitendo wa bodi hiyo, ujulikanao kama SEAP na ulioanza mwaka 2003, huchukua miaka mitatu. Kwa hiyo mzazi anayepiga hesabu apige miaka saba, si minne. Kwa mhitimu wa kozi ya pamoja miaka hiyo mitatu ina uzito wa pekee, kwani ndipo anapochagua upande atakaouzamia zaidi.

Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na anayetaka kazi za mahakama anaweza kuzianzia mlimani. Wa uhandisi hana budi kuteremka kona za Soni hadi Mombo na kuendelea. Lakini si lazima aanze na chuo kikuu, wala si lazima awe amefika kidato cha sita. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, yakiwamo ya sayansi yanayotakiwa na chuo husika, anaweza kuomba stashahada, ambayo huchukua miaka mitatu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza kama taasisi ya ufundi mwaka 1957, na Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, ni njia zinazofahamika.

Chuo cha Arusha kina jambo la ziada kwa mtoto wa milimani. Kinamiliki eneo la Kikuletwa, wilayani Hai, penye kituo cha zamani cha umeme wa maji, na kimelifanya kuwa kampasi ya mafunzo ya nishati jadidifu. Mwanafunzi anayejifunza turbaini akiwa amesimama kando ya turbaini huelewa katika siku moja kile ambacho mwenzake hukihangaikia muhula mzima ubaoni.

Kwa wanaoanzia chini zaidi, vyuo vya VETA, kikiwamo cha Tanga, hufundisha ufundi wa umeme na wa mitambo kwa ngazi. Mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada, na wengi waliopita njia hiyo huwaacha nyuma wenzao wa kidato cha sita wanapofika karakana, ingawa hesabu za mwaka wa kwanza huwatoa jasho. Hilo la hesabu lisifichwe. Kozi ya pamoja haimpunguzii mtu Hisabati. Humwongezea, kwa kuwa mtetemo wa shafti na mkondo wa umeme huandikwa kwa milinganyo inayofanana.

Kwa upande wa fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mwongozo wake kila mwaka na kozi za sayansi na uhandisi zimekuwa zikipewa umuhimu. Tangu mwaka 2022 upo pia ufadhili wa Samia, unaowalenga waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Mabinti wa tahasusi ya PCM katika shule za milimani wasiuache ukawapita kwa kudhani kwamba karakana ni ya wavulana. Kipimo cha umeme hakina uzito wa kumshinda mtu, na vyuma vizito huinuliwa kwa kreni.

Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja vyuoni tangu mwaka 2017, baada ya mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuachwa. Mwombaji hupanga kozi kwa mfuatano wa anavyozitaka, na kubadilisha kozi baada ya kuchaguliwa huruhusiwa kwa muda mfupi tu mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, nafasi zikiwapo. Kabla ya kujaza fomu ni vyema kijana na mzazi wake wakae na orodha za masomo za kozi zote tatu, ambazo vyuo huziweka katika tovuti zao, na waanze kuzisoma kuanzia mwaka wa tatu, kwa sababu masomo ya mwaka wa kwanza katika kozi zote tatu hufanana kwa sehemu kubwa.